Jinsi ya Kuweka Fedha Wazi Zisionekane

Hongera, ndugu Mtendaji. Barua imefika kwamba fedha za kunusuru uchumi zinakuja kwenye eneo lako, na mwisho wa barua hiyo kuna maneno matatu yaliyokunyima usingizi: wananchi wajulishwe matumizi. Lala. Kuwajulisha wananchi ni kazi nyepesi kuliko unavyoiogopa, na ukiifanya kwa ustadi watarudi makwao wamejulishwa kabisa na hawajui kitu.

Nimeandika mwongozo huu kwa huruma. Nimeona watumishi wazuri wakizeeka kabla ya wakati kwa sababu ya kuficha. Kuficha ni kazi ya kizamani. Faili likifungiwa kabatini, hata mfagizi wa ofisi hutamani kujua lina nini. Siku hizi hatufichi, tunaweka wazi. Ufundi upo katika namna ya kuweka.

Anza na ukubwa wa namba. Ukisimama jukwaani sema trilioni, na usishuke hapo hata ukishikwa na kiu. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25 kwa ajili ya athari za UVIKO-19, nasi tukaufahamu kwa jina la trilioni 1.3. Oktoba 10 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma mpango wa kuzitumia, mpango wenye jina lisiloenea kwenye bango la kawaida: Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mtaani wakaona tabu, wakasema pochi la mama limefunguka, basi.

Trilioni ni namba tamu kwa sababu haina sura. Mama muuza vitumbua ukimtajia elfu mbili anaiona: ni unga, ni mafuta ya kupima. Mtajie trilioni, haoni kitu, anapiga makofi. Awamu ya nne nayo ilikuwa na zake. Mwaka 2009, dunia ilipoyumba kwa mtikisiko wa mabenki, serikali ilitangaza trilioni 1.7 za kunusuru uchumi, na humo mlikuwa na fungu la kufidia hasara za wanunuzi wa mazao kama pamba. Mkulima wa pamba ukimuuliza leo zile trilioni zilipita wapi, atakwambia alizisikia redioni. Na Aprili 2018, Zitto Kabwe aliposema kwamba katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ya 2016/17 haoni maelezo ya matumizi ya trilioni 1.5, serikali ikajibu kwamba hakuna fedha iliyopotea, nchi nzima ikabishana wiki kadhaa, vijiwe vikafunga saa tano usiku, na hakuna hata mtu mmoja aliyeweza kueleza rundo la kiasi hicho lingefika wapi likipangwa. Hiyo ndiyo faida.

Kuhusu swali la mkopo utalipwa na nani, halimo kwenye mwongozo huu. Spika Job Ndugai aliligusa Desemba 2021, na kufikia jioni ya Januari 6, 2022 alikuwa ameshajiuzulu uspika.

Sasa nikuoneshe kosa walilolifanya wenzako, ili wewe usilirudie. Katika zile trilioni 1.3 lilikuwemo fungu la kujenga vyumba vya madarasa 15,000: vyumba 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi vya shule za msingi. Mpaka hapo hakuna tatizo. Elfu kumi na tano ni nyingi, hakuna atakayezunguka nchi kuzihesabu. Lakini bei ikatoka. Shilingi milioni 20 kwa chumba kimoja. Ikatamkwa redioni, ikatamkwa na mkuu wa mkoa, ikatamkwa na mkuu wa wilaya akiwa na buti za mpira kwenye msingi wa jengo. Kufikia Novemba, mtoto wa darasa la nne aliijua.

Ndugu yangu, milioni 20 ni namba yenye sura. Kijiweni kwetu fundi mmoja alichukua kipande cha boksi la sabuni na ile kalamu yake bapa ya kupimia mbao, akaanza. Tofali, akaandika. Saruji, nondo, mchanga, kokoto, mbao, bati, misumari ya bati, misumari ya kawaida, rangi, nyavu za madirisha, meza na viti. Akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Akasema, "Inatosha. Ila haibaki." Tangu siku hiyo kile kipande cha boksi kilitundikwa kwenye nguzo ya kibanda cha kahawa, na kila aliyepita alikisoma. Bei ya saruji ilipopanda, fundi akakishusha, akakata namba moja, akaandika nyingine juu yake, akakirudisha. Huo ulikuwa ukaguzi wa hesabu za serikali, ndugu Mtendaji, umefanyika bila posho wala safari ya kikazi.

Na matokeo yake ni ya kusikitisha kwa taaluma yetu. Madarasa yalijengwa. Januari 2022 watoto waliofaulu kwenda kidato cha kwanza walipangiwa shule kwa awamu moja, bila lile zoezi la kila mwaka la kungoja chaguo la pili. Sisemi kila chumba kilinyooka. Vingine ukiviangalia ubavuni unaona fundi alikuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi. Lakini vipo, na watu wa pale wanajua kila kimoja kilipaswa kugharimu nini.

Majirani zetu Kenya walifanya kosa la aina hiyohiyo. Katika mpango wao wa kuchangamsha uchumi wa 2009, uliotengewa shilingi za Kenya bilioni 22, waliamua kuchimba mabwawa ya samaki: mabwawa 200 katika kila jimbo, kwa majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Sasa bwawa lina pande nne. Mtu yeyote mwenye miguu analizunguka. Kama halina maji anaona, kama lina maji bila samaki anaona pia, tena anaweza kukuvulia chandarua chake bure akuthibitishie. Kwa nini ujitafutie mambo hayo? Omba fungu la kujenga uwezo. Omba la uhamasishaji, la uratibu, la kuwajengea wadau uelewa wa pamoja. Uelewa wa pamoja hauna pande nne. Hujapata kuona mwananchi akiuzunguka na futi kamba.

Ikibidi ujenge kitu kinachoshikika, basi jihadhari na kamati. Ule utaratibu wa fosi akaunti, unaoiacha shule ijenge kwa mafundi wa hapohapo, unataka kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo hatari, maana kazi yake ni kusimama karibu na lori. Mimi niliwahi kuingizwa humo, shule gani haina haja kuitaja, na nakueleza yaliyonipata ili uone jinsi mtu mwema anavyoweza kutumika.

Lori lilifika magharibi, mvua inanyunya. Hati ya mzigo iliandikwa mifuko 60 ya saruji. Tuliishusha tukiihesabu kwa sauti, kwa sababu mwenzangu mmoja alikuwa mwalimu wa hisabati na hana imani na mtu anayehesabu kimyakimya. Tukaishia 54. Tukarudia. 54. Dereva hakugombana nasi. Ni kijana mpole, alitusalimia shikamoo wote watatu.

"Wazee wangu, sita zinakuja na gari la kesho. Nyinyi sainini tu, la sivyo mzigo wote naurudisha."

"Basi tuandike 54," akasema mwalimu.

"Mwalimu, ukiandika 54 hati inaharibika. Ikiharibika, malipo hayatoki. Malipo yasipotoka, bati hamzioni."

Tulitazamana. Bati tulizihitaji. Nilisaini 60, mwalimu akasaini 60, na mama wa tatu, ambaye alikuwa hajasema neno, akasaini 60 kisha akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu: 54. Kesho yake gari lilikuja. Lilileta mifuko minne.

Zingatia somo: nyaraka zilikuwa safi. Ofisa yeyote akizifungua atakuta sahihi tatu, tarehe na muhuri. Uwazi mtupu. Taarifa ya kweli ilikuwa kwenye kiganja cha yule mama, nayo ilifutika alipoosha vyombo.

Nisipokuonya kuhusu Uganda nitakuwa nimekudhulumu. Wachumi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia ruzuku ya serikali kwa shule za msingi za nchi hiyo kati ya 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani shule ilipata asilimia 13 tu ya kilichotengwa. Nyingine zilinasa njiani, wilayani hasa. Enzi za raha. Kisha serikali ikaanza kuchapisha gazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika mlangoni kiasi kilichopokelewa. Yaani mzazi anamleta mtoto asubuhi, anasoma gazeti la jana alilofungiwa andazi, anainua macho anasoma mlango, anatoa. Kufikia 2001 kilichofika shuleni kilizidi asilimia 80. Wapo wataalamu waliosema baadaye kwamba mageuzi mengine yaliyofanyika wakati huo nayo yalichangia, na hilo nakushauri ulikariri, ulitumie kila mtu akikutajia Uganda. Lakini kati yetu wawili: usibandike kitu mlangoni.

Weka kwenye tovuti. Tovuti ni mlango ambao mzazi hapiti. Karatasi ya mapato na matumizi ichapishwe, ipigwe muhuri, kisha ipigwe picha ikiwa imelala upande, picha hiyo ndiyo ipandishwe. Haitafutiki kwa neno, haijumlishiki kwa kompyuta, na ili kuisoma mtu inabidi alaze shingo kama kuku anayesikiliza mwewe. Jina la faili liwe tarakimu tupu. Iweke chini ya kichwa cha "Machapisho Mengineyo", baada ya picha za bonanza la watumishi.

Na ukikosea usione haya, wakubwa hukosea zaidi. Marekani walipopitisha dola bilioni 787 za kunusuru uchumi wao mwaka 2009 walijenga tovuti nzuri ya kufuatilia kila senti, Recovery.gov. Novemba ya mwaka huo waandishi wa habari wakaipekua, wakakuta fedha zimekwenda na ajira zimepatikana katika majimbo ya uchaguzi ambayo hayapo duniani. Arizona ilikuwa na majimbo 8. Tovuti ikaonyesha jimbo la 15. Maelezo yakawa kwamba waliopokea fedha walikosea kujaza fomu. Mwaka huohuo Kenya, katika bajeti ya nyongeza, wanaharakati waliona hesabu zimepishana kwa shilingi zao zaidi ya bilioni 9, na Hazina ikaeleza kuwa ni kosa la kompyuta na uchapaji. Naiheshimu sana kompyuta. Haijawahi kukosea ikapunguza.

Saa yako ya kupumua ni ukaguzi. Watu humwogopa CAG bila kusoma kalenda yake. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Ripoti hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni Aprili. Fedha uliyoitumia Desemba 2021 ilikuwamo kwenye hesabu za 2021/22, na hizo ripoti yake ilisomwa Aprili 2023. Piga hesabu: miezi kumi na sita. Katika miezi hiyo mkuu wa shule amehamishwa, mhasibu yuko masomoni, mkurugenzi amepangiwa halmashauri nyingine, lori limeuzwa na yule dereva mpole ana genge lake la chipsi. Hoja ikifika utaijibu kwa maneno mazito: menejimenti imeipokea, inaifanyia kazi. Ukipata hati inayoridhisha, na halmashauri nyingi huipata, shona fulana. Hakuna atakayekuuliza maana yake. Ukiulizwa usieleze kwamba hati hiyo inahusu vitabu kuandikwa inavyotakiwa, na kwamba mifuko 60 iliyosainiwa vizuri ni mifuko 60.

Atatokea kijana aliyesoma, atakuletea barua akitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Usimkaripie. Mkaribishe kiti, mpe maji. Sheria inakupa hadi siku 30 za kumjibu. Siku ya 29 mjibu kwa heshima kwamba taarifa aliyoiomba haikueleweka kama ni ya mradi au ya fungu, aandike upya.

Nimeuacha mkutano mkuu wa kijiji mpaka huku kwa sababu unahitaji roho ngumu. Sheria inautaka angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Wewe uite asubuhi, katikati ya wiki, msimu wa palizi. Asiyefika amejinyima mwenyewe. Soma haraka, soma na senti, na popote penye namba ya kuumiza weka neno "changamoto". Maswali yaende kwenye mengineyo, na mengineyo yaanze jua likiwa utosini.

Hata hivyo hakuna mpango usiovuja. Katika mkutano mmoja nilioshuhudia, alisimama bibi, kanga kaifunga kiunoni, fimbo mkononi.

"Mwanangu Mtendaji, mimi hizo milioni zako sizijui. Nauliza mlango wa chumba cha tatu uko wapi. Mbuzi wangu analala mle."

"Shikamoo kwanza, bibi yangu."

"Marahaba."

"Swali lako ni zuri sana, na nikupongeze kwa kufuatilia maendeleo. Niseme tu kwamba suala la mlango tumelipokea, na hivi tunavyoongea lipo kwenye mchakato."

"Huyo Mchakato ni fundi wa wapi? Nimfuate mwenyewe."

Mkutano uliangua kicheko, na Mtendaji, kijana wa watu, akacheka pia. Hapo ndipo alipoharibu. Ukishacheka na wananchi umekwisha, maana wanaona unajua. Wiki iliyofuata mlango ulifungwa, mninga safi, bawaba tatu. Mbuzi akahama.

Basi limebaki ubao wa matangazo, na hapa nakupa siri ambayo sijaiona ikishindwa. Ofisi nyingi zina ubao wenye kioo na wavu, na kikufuli kidogo cha shaba. Tumia huo. Bandika taarifa yako yote, bila kupunguza, upande unaopigwa na jua la mchana. Uliopo kwetu una karatasi tatu ndani: tangazo la chanjo ya mifugo, ratiba ya uchaguzi uliokwisha zamani, na mapato na matumizi ya mradi wa madarasa. Ya tatu wino umeliwa na jua, imebaki mistari ya jedwali na duara la muhuri, nyeupe kama daftari jipya. Ukiambiwa uibadilishe, sema ukweli: ufunguo anao Mtendaji aliyetangulia, na amehamishiwa mkoa mwingine. Wakisema kufuli livunjwe, wakumbushe kwamba kuvunja kufuli ni matengenezo, na matengenezo hayakutengewa fungu mwaka huu.

Yule bibi hupita pale siku za mnada. Husogeza uso kwenye wavu, hutazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha hunyoosha kidole na kuhesabu kitu pekee kilichobaki cha kuhesabika, ambacho ni pini. Ziko nne.